Waitikiaji wa Kidonda

Nianze kwa kuomba radhi, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyechelewa darasani. Kisa hiki nitakisimulia vibaya. Kazi yangu ni kuchekesha watu kwenye harusi na sherehe za maofisini. Kuwatisha sijafundishwa. Hadithi ya kutisha inataka mtu mwenye sauti ya chini, mtu anayejua kunyamaza mahali pa kunyamaza. Mimi nikifika kwenye mzimu, namwacha mzimu amesimama, naanza kueleza viatu vyake. Mke wangu ameshanisikia nikiisimulia mara kadhaa, na kila mara ananikatiza: "Umeanzia katikati tena." Haya. Leo naanzia mwanzo. Nikipotea njiani nivumilie, nitarudi mwenyewe.

Mwanzo ni dada yangu.

Dada ndiye aliyenilea. Mama alifariki mapema, na dada, naye msichana tu, akanipandisha mgongoni. Sidhani kama amewahi kunishusha, ingawa sasa nina kitambi kinachotangulia kuingia mlangoni. Ndiye aliyenipa jina la Domo. Nilipoanza kupata kazi za jukwaani watu walifikiri nimejitafutia jina la biashara. Hapana, nilizawadiwa nikiwa na miaka ya kunyonya kidole.

Na dada alikuwa mwitikiaji. Unawajua wale wanawake watatu wanne wanaosimama nyuma ya mwimbaji, wamevaa sare, wanayumba upande mmoja kama mapazia? Ndiye huyo. Alimwitikia Kidonda.

Kama humjui Kidonda, muulize mtu yeyote mwenye mvi, kisha mpe kitambaa cha kufutia machozi. Aliimba soul, ile ya zamani, ya polepole, yenye tarumbeta zinazolia kama zimefiwa. Walimwita Kidonda kwa sababu aliimba kama mtu anayebanduliwa bandeji taratibu. Nyimbo zake zote ni maswali. Nitalala wapi? Moyo wangu nimpe nani? Nani atanifuta machozi? Kila akiuliza, wale wanawake wa nyuma wanajibu kwa upole: Niko hapa. Nipe mimi. Mimi nipo.

Utotoni nilimsikia dada akiosha vyombo huku akiimba sehemu yake tu. Maswali hakuwahi kuyaimba. Nilikua nikiyajua majibu yote, bila kujua aliulizwa nini.

Kidonda alishakufa zamani. Mwaka huu kampuni moja imezikusanya nyimbo zake bora kwenye santuri moja, ile nene nyeusi, ambayo vijana sasa wanainunua tena kana kwamba sisi tuliiacha kwa kukosa akili. Nakala moja ikaletwa kwa dada, shukrani. Mpwa wangu, bintiye, akaiweka kwenye kinanda cha santuri pale sebuleni. Wakakaa kusikiliza, dada akiitikia chinichini sehemu zake kama zamani, mpwa akimtania kwamba bado anaweza. Ilipoisha, mpwa akauliza, "Mama, nikuletee chai?"

Dada akafungua kinywa.

Hakikutoka kitu.

Hospitali walipima kichwa, wakapima koo, wakapima damu. Hakuna kiharusi. Hakuna uvimbe. Daktari alisema koo lenyewe ni zima kama la mtangazaji wa mpira. Lakini dada alikaa tu mezani nyumbani, midomo ikimchezacheza bila sauti, mchana na usiku, kama mtu anayezungumza na simu ya mbali. Ukimlisha, chakula kinamwagika, maana ile midomo haipumziki. Akakonda. Mwishowe daktari akamvuta mpwa pembeni ya korido akamwambia mwili umechoka, na kama hali haitabadilika, tujiandae.

Mpwa, kwa kudhani muziki ndio unamsumbua mama yake, alikuwa ameipeleka ile santuri kwa muuzaji wa santuri kuukuu. Jioni moja dada akagundua. Akapiga meza kwa kiganja. Akachora duara hewani kwa kidole. Akapiga meza tena, kisha akaninyooshea kidole mimi.

"Mjomba, anaitaka santuri yake," mpwa alisema.

"Afadhali. Mimi nilidhani anasema nimenenepa."

Mpwa hakucheka. Nyumba yetu ikifikia kutocheka, ujue mambo yameharibika. Nikavaa koti, nikatoka. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linazama.

Duka lilikuwa kwenye mtaa wa mafundi wa redio, katikati ya muuza betri na mshona mapazia. Unashuka ngazi, unainama, unaingia. Ndani kulinukia vumbi lililopata moto, na nyuma ya vumbi... harufu nyingine. Mafuta ya nywele. Yale mazito ya zamani, ya kopo, ambayo baba zetu walijipaka wakaacha alama kwenye mito.

Nyuma ya kaunta alikaa mzee mmoja mwembamba, akifuta santuri kwa kitambaa. Masikioni alikuwa na pamba. Muuza muziki, ameziba masikio! Nikasema moyoni, hii naondoka nayo, Jumamosi naipandisha jukwaani.

"Mzee, habari za jioni."

"Nitazame ukisema," akanijibu. "Nasoma midomo."

"Natafuta ile ya Kidonda. Nyimbo Bora. Aliileta binti mmoja hapa."

Mkono wenye kitambaa ukasimama. Akainama chini ya kaunta, akatoa kifurushi kilichoviringishwa kwenye taulo na kufungwa kamba, kama mtoto mchanga au kama bomu.

"Ni ya nani?"

"Ya dada yangu. Alikuwa mwitikiaji wake."

"Yupi? Mwenye sauti nene au mwenye sauti nyembamba?"

"Nene."

"Bado yu hai?"

"Mzee, hiyo nayo ni salamu?"

Akaendelea kuitazama midomo yangu, akingoja.

"Yu hai," nikasema. "Hasemi."

Akatikisa kichwa polepole. "Wa sauti nyembamba alikuwa mke wangu. Naye aliletewa. Naye alianza hivyohivyo." Hakumalizia. Alizifungua zile kamba fundo kwa fundo.

Kisha akaniambia desturi ya duka lake. Humu santuri haitoki mpaka mnunuzi aisikilize yote, mpaka mwisho, kwenye kibanda. Nikamwambia sinunui, nachukua mali yetu. Akasema ni palepale.

"Ukiondoka nayo imekatika katikati, itakuja kumalizia kwako. Na kwako kuna mgonjwa."

"Sawa. Nasikiliza, nachukua, naenda."

"Atauliza maswali," mzee akasema. "Nyimbo zake ndivyo zilivyo. Wewe usijibu. Wanaojibu wapo."

"Na nikijibu?"

Akainua kidole, akaisukuma pamba ndani zaidi.

Kibanda kilikuwa nyuma ya duka, na upana wake ni wa kabati la nguo. Kuta zilibandikwa trei za mayai ili sauti isitoke. Kiti kimoja cha mbao. Spika moja juu. Kwenye mlango kioo kidogo, na chini ya kioo, mahali pa kitasa cha ndani, tundu tu. Kitasa kilikuwa upande wa nje. Nililiona lile tundu. Nilimtania mzee kwamba nikitoroka nitapitia hapo. Alishafunga mlango.

Kupitia kioo nikamwona anaweka santuri kwenye kinanda, anashusha sindano, anarudi kwenye kaunta yake na kunipa mgongo.

*Krrr... krrr...*

Tarumbeta. Ngoma ya polepole. Kidonda akaanza.

Nisiseme uongo, ilikuwa tamu. Nilifumba macho. Akauliza atalala wapi, na dada yangu akamjibu, *niko hapa*, na mimi nikawa mtoto tena, nasikia sahani zikigongana kwenye beseni. Kwa mara ya kwanza niliyasikia maswali na majibu pamoja.

Halafu nikafumbua macho.

Nyimbo hizi dada alizirekodi akiwa msichana. Sauti hii haikuwa ya msichana. Ilikuwa na mkwaruzo. Ilivuta pumzi katikati ya neno. Ilikuwa sauti ya mwanamke wa leo, yule niliyemwacha mezani.

Wimbo ukaisha. Kati ya wimbo na wimbo huwa kuna kimya kidogo, unajua, cha sindano kutambaa. Kwenye kimya kile nikasikia mtu anameza mate.

"Maji..." sauti ya dada ikanong'ona. "Jamani. Hata maji."

Wimbo wa pili ukaanza juu yake.

Nikasimama. Nikagonga kioo. Mzee ameziba masikio, na mgongo hausomi midomo. Nikagonga kwa kiatu. Hakugeuka. Na ngoma ikaendelea, polepole, polepole, tarumbeta zikanyamaza, na Kidonda, kwa sauti ambayo haikuwa ya kuimba wala ya kusema, akauliza swali ambalo halimo kwenye wimbo wowote.

*Nani huyo amekaa?*

Ngoma zikangoja.

Sasa hapa lazima nikueleze kitu cha kazi yetu. Mwalimu wangu wa jukwaa, mama mmoja mkali mwenye miwani ya kamba, alitufundisha kwamba mwenzako akikurushia neno mbele ya watu, usiliache lianguke. Lidake. Lijibu hata kama una homa, hata kama hujaelewa. Ukimwacha mwenzako ananing'inia, umewaua wote wawili. Alitufanyisha zoezi hilo mpaka likaingia kwenye mifupa. Mtu akinipigia chafya naijibu. Mhasibu angenyamaza. Dereva angenyamaza. Padri angesali. Mimi, kabla hata sijafikiri, nikajibu:

"Mpangaji mpya!"

Kimya.

Halafu, karibu mno na spika:

*Karibu ukae.*

Taa ya kibanda ikashuka ikawa njano. Harufu ya mafuta ya nywele ikajaa, nzito, ya moto, kama kichwa cha mtu kimewekwa begani mwangu. Nikageuka. Trei za mayai. Nikageuka tena. Trei za mayai.

Nikatazama nje. Mzee alikuwa ameinua kitambaa kufuta santuri, na kitambaa kilikuwa hewani. Nikangoja kishuke. Nikangoja... Mwanga wa magharibi ulikuwa umelala juu ya kaunta, na vumbi ndani ya ule mwanga lilikuwa limesimama tuli.

Nyimbo zikaenda mpaka mwisho. Nikashukuru. Nikaushika mlango tayari. Nikasikia sindano ikijiinua, ikasafiri, ikatua.

*Krrr... krrr...*

Mwanzo tena.

Kidonda akauliza atalala wapi. Na kinywa changu, naapa, kinywa changu mwenyewe, kikafunguka kama droo, kikasema kwa upole:

"Niko hapa."

Nikakiziba kwa mkono. Swali likaja, jibu likatokea puani. Nikauma kola ya koti. Jibu likapita katikati ya meno. Swali, jibu. Swali, jibu. Nyimbo zikaisha, zikaanza. Zikaisha, zikaanza. Nje kitambaa bado kiko hewani. Miguu ikaanza kuniyumba upande mmoja, taratibu, kwa mdundo. Wewe fikiria, mwanaume wa kitambi, peke yangu kabatini, nayumba kama pazia. Ingekuwa ni mwingine ningelipa kiingilio.

Koo likakauka. Nikaelewa kwa nini dada hali. Hapati nafasi ya kumeza. Kule mezani nyumbani midomo ilikuwa inacheza tu, kazi yenyewe ilikuwa inafanyika huku.

Kwenye kimya cha katikati ya nyimbo, mtu akaniita.

"Domo?"

"Dada!"

"Mpumbavu wewe. Umejibu?"

"Nimejibu."

"Kwa nini?"

"Aliuliza..."

Nikamsikia anashusha pumzi, ile pumzi yake ya nilipokuwa narudi shule na kiatu kimoja. "Niliagiza uichukue uivunje. Sikukuagiza uingie."

"Mkono wako ulionyesha duara tu, dada! Nikajua..."

Wimbo ukaingia. Tukafanya kazi, mimi na yeye, *nipe mimi, mimi nipo*, na sauti yake pembeni yangu ilikuwa imechakaa, nyembamba kama ukingo wa kitambaa kinachofumuka. Kila mzunguko ilirudi ndogo zaidi. Nilikuwa namsikia dada yangu akiisha.

Kimya kingine.

"Tunatokaje?" nikamnong'oneza.

"Hatutoki. Anarudia mpaka aridhike."

"Anaridhika lini?"

"Hajawahi."

"Enzi zile mlikuwa mnapumzika vipi?"

Sindano ikatambaa.

"Mtu akicheka," akasema. "Mmoja wetu akicheka rekodi imeharibika, fundi anasimamisha mitambo. Kidonda alikuwa anachukia kicheko kuliko ugonjwa. Lakini Domo... humu ndani hakuna cha kuchekesha."

Tarumbeta zikaanza.

Ndugu msomaji, maisha yangu yote watu wameniuliza kazi yangu hasa inamsaidia nani.

Tatizo ni kinywa. Kilikuwa na jibu lake tayari. Basi Kidonda alipovuta pumzi kuuliza, nikaung'ata ulimi mpaka nikaonja damu, na katika ule uchungu nikapata upenyo mdogo, wa neno moja au mawili kabla kinywa hakijanyang'anywa.

*Nitalala wapi?*

"Sebuleni, kama sisi wengine!"

Hakuna aliyecheka.

Nimewahi kupanda jukwaani kwenye sherehe ya kumuaga bosi ambaye asubuhi hiyo alikuwa amefukuza nusu ya ofisi. Ukumbi ule ulikuwa baridi. Lakini haukuwa kama huu. Baridi ikanipanda kutoka visiginoni. Na ngoma zikasogea. Sisemi ziliongezeka sauti. Zikasogea.

*Moyo wangu nimpe nani?*

"Upeleke kwa daktari, unagonga vibaya!"

Mahali fulani nyuma, mbali, mwanamke akatoa mlio puani. *Mff.* Sauti nyembamba. Haikuwa ya dada.

Pumzi ikanigusa shingoni. Nasema pumzi. Ilikuwa na unyevu.

"Usicheze," Kidonda akanong'ona sikioni. Bila tarumbeta, bila ngoma. "Usicheze na mimi."

Hapo niliishiwa. Niseme ukweli wangu. Ulimi ulikuwa umevimba, utani wote wa miaka mingi ulikuwa umetoka kichwani ukakimbilia usalama wake. Wimbo ukafika pale pazuri, pale ambapo kumbi nzima zilikuwa zinalia, tarumbeta zikapanda, ngoma zikasimama, na Kidonda akaurusha moyo wake wote mbele.

*Nani... nani... nani atanifuta machozi?*

Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyechoka. Sauti ya dada mwenyewe, ile ya kumjibu mtoto anayeita kutoka bafuni:

"Taulo liko nyuma ya mlango."

Kimya.

Kimya...

Halafu mfuniko wa sufuria ukaanguka kwenye sakafu ya saruji, ukazunguka, ukazunguka. Ndivyo dada yangu anavyocheka. Hajawahi kucheka kistaarabu hata siku moja. Mwenye sauti nyembamba akapasuka kwa puani. Na nyuma yao wakafuata wengine, wanawake ambao sikujua kama wapo, wengi, sauti juu ya sauti, wengine wanacheka huku wanakohoa kama watu ambao kifua chao hakijatumika muda mrefu. Kibanda kikatikisika. Trei za mayai zikabanduka ukutani. Waliitana, walisukumana, mmoja akasema, "Nyuma ya mlango, jamani!" na wakaanza upya.

Nami nikacheka. Nilicheka kutoka chini kabisa ya kitambi, machozi yakanitoka, nikajishika ukutani.

"KATA!"

Haikuwa sauti ya mtu tena. Sindano ikakwaruza santuri kutoka ukingo hadi ukingo. Mlango ukafunguka wenyewe, nami nikaanguka nje juu ya maboksi.

Kitambaa cha mzee kikashuka. Vumbi likaanza kucheza kwenye mwanga. Jua bado lilikuwa linazama, lilelile.

"Umetoka mapema," mzee akasema. "Hata upande wa kwanza haujaisha." Kisha akaniona uso. Akautazama mdomo wangu wenye damu kwa muda. "Mwenye sauti nyembamba... Ulimsikia?"

"Alicheka."

"Kwa puani?"

"Kwa puani."

Mzee akaketi. Akavuta pamba ya sikio moja, kisha ya pili, polepole, kama mtu anayevua viatu baada ya safari. Akaniambia, "Asante, kaka." Akanyanyuka, akanipita, akaingia kwenye kibanda, akauvuta mlango.

Kitasa kilikuwa nje. Hilo nililikumbuka mara moja. Niliruka, nikakishika, nikafungua.

Kiti kitupu. Juu yake, vipande viwili vya pamba.

Nyuma yangu, kwenye kinanda, nikasikia sindano ikishuka yenyewe.

Sikuichukua santuri. Koti lilinasa kwenye kitasa, nikaliacha hukohuko. Nilizipanda zile ngazi kwa mikono na miguu, na kama muuza betri ana picha yangu, naomba asiisambaze.

Nyumbani mpwa alinipokea mlangoni, analia na kucheka kwa pamoja.

"Mjomba! Mama amecheka! Alikuwa amekaa tu, mara akacheka, akacheka mpaka kikombe kikaanguka. Halafu akaniambia, 'Mpelekee Domo maji, anakuja anakimbia.'"

Dada alikuwa mezani, anakunywa. Kikombe baada ya kikombe, anameza, anapumzika, anameza. Midomo ilitulia. Alinitazama juu ya kikombe kama anavyonitazama siku zote.

"Nyuma ya mlango," akasema, sauti imekwaruza. "Ndiyo nini sasa ile?"

Mpwa akaangua kicheko. Nikafungua kinywa nami nicheke.

Ikatoka hewa tu. *Fsss.* Kama tairi.

Tulifikiri ni uchovu.

Siku nyingine dada alinieleza kidogo, mara moja tu, akiwa amenipa mgongo anaosha vyombo kimyakimya. Nyimbo zile za mwisho, alisema, Kidonda alirekodi sauti yake akiwa mgonjwa, na waitikiaji waliitwa studio baada ya mazishi, wajaze nafasi zilizoachwa. Walivaa spika za masikioni wakaambiwa wafuate. Walifuata. Lakini katikati ya nyimbo walisikia maswali ambayo hayakuwa kwenye karatasi. Aliwaita kwa majina. Aliuliza nani yupo, nani anabaki.

"Mkajibu?"

"Tulidhani mafundi wanatutania." Akasuuza sahani. "Sasa usiniulize zaidi."

Sikumuuliza. Dukani nilirudi mchana kweupe, na watu. Kufuli mlangoni, na muuza betri anasema mzee amesafiri, ingawa hakumwona akitoka.

Wimbo ule wa machozi umerudi redioni. Unapigwa sana. Watangazaji wanasema wamegundua kitu ambacho zamani hakuna aliyekisikia. Baada ya swali la mwisho, badala ya wanawake kujibu, kuna mwanaume anacheka. Wasikilizaji wanapiga simu wanasema ndicho kinachoupendeza. Kila ukipigwa, popote nilipo, kwenye foleni ya benki, kwa kinyozi, mbavu zangu zinavutwa kwa ndani, kitu kinatoka, na jioni nimechoka kama nimebeba mawe. Dada anauzima haraka akiwepo. Juzi aliuzima akabaki ameshika kitufe.

"Kinapungua," akaniambia. "Kicheko chako. Kinakuja kidogo zaidi kila siku."

Jukwaani bado napanda. Watu wanacheka, nawatazama, mimi nasimama katikati kama nguzo. Wanadhani ni mtindo mpya, na naona wanaupenda.

Mke wangu anamlaani Kidonda. Mpwa anamlaani mwenye duka. Mimi siwezi kumlaani mtu. Mle kibandani hakuna aliyenilazimisha kucheka, kazi yangu ilikuwa kuwachekesha wale wanawake, basi, nitoke na changu. Na yule mama wa miwani ya kamba, siku ya kwanza kabisa, kabla hajatufundisha hata kusimama, alituambia kosa moja ambalo mchekeshaji hasamehewi ni kucheka utani wake mwenyewe.

Na utani wenyewe, tuwe wakweli, haukuwa mzuri kiasi hicho.